Kikohozi cha Mama Yangu

Karibu kila asubuhi, kabla sijavua koti, seva ilikuwa imeshanitukana. Ujumbe ulikuwa uleule, kwa maandishi mekundu: kazi ya jana jioni imeshindikana. Kazi yenyewe ilikuwa moja tu. Watangazaji wa mchana wakishaondoka, mashine ya tepu iliyokaa juu ya seva ilitakiwa kuamka yenyewe na kunakili kila kilichokuwa kwenye diski, ili diski ikifa siku moja, stesheni isife nayo. Kuamka iliamka. Ilizungusha tepu kidogo, ikanguruma, kisha ikaitema kama mtoto anavyotema dawa. Mimi nilikuwa napewa habari hiyo asubuhi, pamoja na chai.

Ilikuwa stesheni ndogo ya redio ya Kikristo hapa Eldoret, ghorofa ya pili, juu ya duka la agrovet la mbegu na dawa za mifugo, na fundi wa kompyuta nilikuwa mimi peke yangu. Mashine ile ilikuwa ya msaada. Kanisa fulani la ng'ambo lilibadilisha mitambo yake, likatutumia ile ya zamani na sanduku zima la tepu, na siku ilipofika tuliipigia makofi. Mimi pia nilipiga. Vitu vya msaada ndivyo vilivyo: unapewa kilichowachosha wenyewe, halafu unatakiwa ushukuru kana kwamba ni kipya.

Lakini nilikuwa na sababu yangu ya kuilea mashine hiyo, na ni vizuri niiseme mapema. Ndani ya ile diski kulikuwa na sauti ya mama yangu, na hapakuwa na sauti yake mahali pengine popote duniani.

Nyumba yetu ya Yamumbi, pembeni mwa Eldoret, ilichomwa siku za fujo za uchaguzi, watu wa kabila letu walipokuwa wakifukuzwa, nikiwa msichana wa sekondari. Haikubaki picha hata moja, si ya harusi, si ya ubatizo, wala ile ya kitambulisho iliyomfanya mama aonekane amemkasirikia mpiga picha. Aliyetuokoa alikuwa rafiki yake wa kanisani, mama wa Kikalenjin mwenye shamba la mahindi na ng'ombe mahali paitwapo Ziwa. Alituficha ghalani, nyuma ya magunia. Vijana waliokuwa wakichoma nyumba walipokuja, alitoa chupa yake ndogo ya mafuta ya upako, akapaka msalaba kwenye fremu ya mlango wa ghala, akasimama hapohapo, leso kiunoni, akamuuliza kila mmoja wao ni mtoto wa nani. Mama zao aliwajua wote. Wakaondoka. Mpaka leo sijui kama walirudishwa na mafuta au na aibu, na swali hilo sijawahi kuthubutu kuliuliza kwa sauti.

Mambo yalipotulia, stesheni ilimpa huyo mama kipindi cha wanawake, naye akamwita mama yangu awe mgeni wake kila wiki. Watu walitarajia wahubiri amani. Hawakuhubiri. Walibishana kuhusu chakula. Mama yangu akisema mukimo bila majani ya malenge si mukimo, mwenzake alijibu kwamba watu wa kwao wanaponda kila kitu kwa sababu wanaogopa kutafuna. Mwenzake akisifu mursik, maziwa yao ya mgando, mama yangu aliuliza ni nani mwenye akili timamu aliyetazama maziwa meupe akaona yanakosa mkaa. Wasikilizaji wa pande zote mbili walipiga simu wakiwa wamekasirika kweli, lakini ni hasira ya vyakula, na baada ya mwaka ule hasira ya vyakula ilikuwa raha tupu.

Mama yangu alikuwa na kikohozi kidogo kabla ya kuongea. Hm-hm, kama mtu anayebisha hodi, ndipo maneno yaje. Siku moja alikohoa hivyo hewani akasema msichana wake anaosha sufuria ndani tu, nje anaiachia Mungu. Nilikuwa shule ya bweni, na redio ya matroni ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho. Nilichekwa muhula mzima. Nilimkasirikia mama yangu nikakataa kumsalimia vizuri siku ya wazazi. Miaka michache baadaye aliugua, akatutoka, na neno hilo la sufuria likawa ndilo ninalolitamani kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Basi niliomba kazi pale stesheni kwa sababu hiyo. Sioni haya kusema. Wengine walipokwenda kula githeri, mimi nilivaa vidude vya masikioni nikamsikiliza mama yangu akigombana kuhusu maziwa.

Niliomba ruhusa ya kunakili vile vipindi. Mkurugenzi wetu ni mtu wa suti nzuri na majibu mafupi, na hakunikaribisha hata kiti.

"Madam, hizo ni mali ya station," alisema. "Kila mtu akitoa ya mama yake, sisi tutabaki na nini?"

Tangu mtangazaji mmoja ahamie kwa washindani wetu akiwa na matangazo ya wateja kwenye flash disk, kunakili chochote kulikuwa kosa la kufukuzwa. Ningeweza kuiba. Nywila zote nilikuwa nazo mimi. Sikuiba, kwa maana mama yangu alinilea vibaya katika jambo hilo.

Yule mama aliyetuficha sasa alikuwa amezeeka. Kipindi alikuwa amewaachia vijana, na stesheni ilimpa ofisi ndogo, ikamfanya kiongozi wa maombi. Sote tulimwita Mama wa Maombi. Kila Jumatatu asubuhi aliongoza ibada, halafu alipita chumba kwa chumba akiombea vifaa: maikrofoni, jenereta, hata birika la chai. Kabati la chuma lenye kufuli lilikuwa moja tu katika jengo zima, na lilikuwa ofisini mwake. Kwa hiyo tepu zililala humo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake. Nilipomweleza kwamba kazi ya jioni inakwama, alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Hiyo mashine iko na roho ya kukataa," alisema. "Wewe fanya ya mikono, lakwet, mimi nitafanya ya magoti."

Lakwet ni mtoto. Tangu siku ya ghala hakuwahi kuniita jina lingine.

Nami nikafanya ya mikono. Mashine ilikuwa inalalamika kwamba haiwezi kusoma tepu, kwamba kichwa chake cha kusomea ni kichafu. Nikaingiza tepu maalumu ya kusafishia. Ikapona, ikafanya kazi siku mbili, ikagoma tena. Nikabadilisha waya. Nikaichukua mashine na kuipeleka mbali na dirisha, nikidhani ni vumbi la barabarani. Nikalaumu stima inavyokatikakatika, kwa sababu hapa kwetu ukikosa wa kulaumu unalaumu stima, nayo huwa haina wakili. Nikasogeza ratiba ili kazi isigongane na ile programu inayotafuta virusi. Nikafungua tepu mpya kabisa, bado zina karatasi zake za nailoni. Tepu mpya ilikubali vizuri mpaka wiki ilipogeuka, halafu ikawa kama wenzake. Nilimpigia simu fundi mmoja wa Nairobi, akaniuliza kama tunaiweka mashine jikoni.

"Kwa nini jikoni?"

"Iko na uchafu wa ajabu," alisema. "Soma zile ripoti. Hiyo si vumbi."

Nilimwona mjinga. Jikoni! Hata hivyo neno lake lilinikaa, na nilinusa mashine mara kadhaa nikiwa peke yangu. Ilinukia Jumatatu. Sijui nieleze vipi vizuri zaidi. Mama wa Maombi alikuwa anatumia mafuta ya zeituni yaliyotiwa manukato, aliyokuwa akiletewa kutoka mikutano ya injili, na baada ya ibada jengo zima lilinukia hivyo, kuanzia mlango wa studio hadi kikombe changu. Harufu inayokuwa kila mahali, pua huacha kuiuliza maswali.

Wakati huohuo maneno yalianza chumba cha chai. Kaka yangu ana kiduka cha kompyuta karibu na soko. Siku moja nikiwa nyuma ya mlango na sahani yangu, nilisikia mtu akisema kwamba huyu msichana anaharibu mashine makusudi ili kaka yake aje auze nyingine. "Watu wa kwao hawawezi kupoteza biashara," mtu akasema, na wengine wakacheka bila ubaya, kama watu wanavyocheka jambo linalojulikana. Bila ubaya ndiyo iliyoniuma. Nimezaliwa hospitali ya hapahapa mjini. Nimefichwa kwenye magunia ya hapahapa. Bado kuna siku mtu ananiuliza kwetu ni wapi, na nikisema Yamumbi anangoja nimalizie.

Halafu Mama wa Maombi akaenda Kaptagat kwa kambi ya maombi ya akina mama, wiki nzima msituni. Jumatatu ile haikuwa na ibada. Niliitumia kusafisha kichwa cha mashine, nikafungua tepu mpya, na wiki ile yote ujumbe ulikuwa wa kijani. Nilikuwa sijawahi kuona kijani cha wiki nzima. Nikachukua nafasi hiyo kunakili jambo moja tu nililolitaka mimi: vipindi vyote vya zamani, pamoja na vile vya wale akina mama wawili, kwenye tepu yake pekee. Mashine ilivimeza vyote hadi mwisho bila kutema. Niliandika kwa kalamu ya wino mweusi ubavuni mwa ile tepu, Vipindi vya Zamani.

Aliporudi nilimngojea mlangoni. Nilimpa tepu ile kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mzazi zawadi.

"Mama, sauti zenu ziko humu," nilimwambia. "Wewe na mama yangu. Zote."

Aliitazama, akaigeuza, akaiweka shavuni. Alilia kidogo, machozi ya mtu mzima, yasiyo na kelele. Kisha akaifungia kabatini mwenyewe. Jumatatu yake ibada ilikuwa ya shukrani, ndefu kuliko kawaida, na tuliimba hadi msikilizaji mmoja akapiga simu kuuliza kama leo ni sikukuu.

Siku iliyofuata ujumbe ulikuwa mwekundu.

Nilikwenda kumwomba ile tepu ya vipindi vya zamani, nijaribu tu kama inasomeka. Alinipa, nayo ikaniponyoka. Niliiokota, ikateleza tena. Nikaipeleka dirishani. Pembezoni mwa kile kifuniko kidogo ambacho mashine hukifungua ili ivute utepe, palikuwa panang'aa. Nilikisukuma kifuniko kwa kidole gumba, na utepe wenyewe, ule mweusi mwembamba ulioshika sauti zote, ulikuwa umelowa.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni upako," alisema, na uso wake ulijaa furaha. "Hizo zingine nilikuwa napaka juu tu, na kwa mdomo ya mashine. Hii nikasema hapana, hii ni ya mama yako. Nikafungua hako kamlango, nikaweka mpaka ndani, ndio imfikie."

Kila Jumatatu. Kadiri kazi ilivyokwama ndivyo alivyoongeza maombi, na alivyoongeza maombi ndivyo mafuta yalivyoongezeka, na mafuta yalivyoongezeka ndivyo kazi ilivyokwama. Wiki aliyokuwa Kaptagat ndiyo wiki ambayo mashine ilipona. Yote yalinijia mara moja nikiwa nimesimama pale na vidole vinavyonukia zeituni, na nilichosema ni, "Asante, Mama." Kisha nikaenda chooni, nikafunga mlango, nikauma leso yangu ili nisipige kelele. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kukaa. Nimkasirikie nani? Mikono iliyomharibu mama yangu mara ya pili ndiyo ileile iliyomwokoa mara ya kwanza, tena kwa chupa hiyohiyo.

Diski bado ilikuwa hai. Hilo ndilo nililojifariji nalo nikipanda kwa mkurugenzi, ghorofa iliyo juu yetu. Nilimweleza yote kwa utaratibu: mafuta yamefika kwenye kichwa cha mashine, kila tepu inayoingia inachafuliwa, na kila tepu iliyopakwa inakichafua kichwa tena. Tepu ya kusafishia imechakaa na nimeagiza nyingine Nairobi. Kwa sasa tuna diski moja nzee na hatuna nakala yoyote tunayoweza kuitegemea. Nilimwomba mambo mawili, diski ya nje hata ndogo, na azungumze na Mama wa Maombi.

Alianza kucheka. Halafu akaona sicheki.

"Unataka mimi niambie Mama upako yake inaharibu mashine?" alisema. "Mimi? Madam, huyo ndiye aliniombea hii kiti nimekalia."

"Basi diski."

"Andika request, italetwa kwa kamati."

Kamati ilikuwa inakutana mwisho wa mwezi, na ilikuwa inaanza kwa maombi, ikiongozwa na nani tena.

"Na hii maneno ya mafuta," aliongeza nikiwa mlangoni, "tusiiongee huko nje. Watu watasema tunadharau vitu vya Mungu. Wewe fanya kazi yako, yeye afanye yake."

Ndivyo sote tulivyofanya. Nilizitoa tepu ambazo hazijafunguliwa kwenye kabati nikazifungia kwenye droo ya meza yangu, zisipate upako. Mtu akaniona. Kabla ya saa nne nilikuwa nimeitwa tena ghorofani, safari hii kueleza kwa nini nahamisha mali ya stesheni kimyakimya, na mkurugenzi alisema kikulacho ki nguoni mwako huku akinitazama nguo. Nilirudisha tepu kabatini mbele ya mashahidi. Mama wa Maombi alinifungulia kufuli na kunipapasa bega. Alidhani nimeonewa wivu kwa sababu ya bidii yangu, akaahidi kunitilia mkazo katika maombi.

Hapo ndipo nilipoamua kuiba. Nasema wazi. Nilinunua flash disk, nikaiweka kwenye mkoba chini ya sweta, nikapanga kwamba Ijumaa wakienda kula nitachukua kila kipindi chenye kikohozi kile, na kama ni kufukuzwa nifukuzwe na mama yangu mfukoni. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha kwa radi kama inavyonyesha kwetu, mbingu nzima ikipigana, na stima ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi.

Asubuhi, kwa mara ya kwanza tangu niijue ile mashine, hapakuwa na ujumbe mwekundu wala wa kijani. Hapakuwa na ujumbe wowote. Diski ilikuwa inatoa mlio mkavu, taka-taka-taka, wa kitu kinachojaribu kuanza na kushindwa. Nilikaa chini, sakafuni, koti bado mwilini, flash disk tupu kwenye mkoba.

Tulijaribu tepu zote. Nasema tulijaribu, kwa maana wafanyakazi wote walikuja kusimama nyuma yangu, na Mama wa Maombi alinishika kichwa akiomba kwa lugha ya kwao huku nikiingiza tepu moja baada ya nyingine kwenye kinywa kilichojaa mafuta. Hata tepu ya kusafishia ilipofika kutoka Nairobi haikusaidia. Mashine ilimeza, ikanguruma, ikatema. Ya Vipindi vya Zamani niliiacha ya mwisho. Mashine haikunguruma hata kidogo, iliirudisha palepale.

Nilikuwa nimeamini maneno ya vitabuni, kwamba diski ikifa bila nakala stesheni hufa nayo. Stesheni haikufa. Ilirudi hewani siku hiyohiyo jioni kwa nyimbo zilizokuwa kwenye simu ya mtangazaji. Matangazo ya wateja yalipatikana kwenye barua pepe. Mkurugenzi aliwaambia wafanyakazi tumshukuru Mungu kwa kuwa hatujapoteza kitu cha maana.

"Na vipindi vya zamani?" niliuliza.

"Zile za mboga?" Alinitazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo sijamsamehe. "Madam, nani alikuwa anasikiliza hizo?"

Nilimwomba ile tepu moja. Alinipa bila kufikiri. "Chukua, haina kazi." Ilipokuwa na sauti ya mama yangu ilikuwa mali ya stesheni, na ilipokufa ikawa yangu. Mashine nayo haikutupwa. Iliwekwa kwenye korido, ikavikwa kitambaa cha kufumwa, na juu yake pakawekwa maua ya plastiki. Ninaipita kila siku. Siku nyingine naipiga kwa kiganja nikijifanya napangusa vumbi.

Yule fundi wa Nairobi, yule wa jikoni, ndiye aliyekubali kuipokea ile tepu. Alinieleza kwa simu kwamba ataukata utepe, ausafishe polepole na auweke kwenye ganda jipya, nisitegemee lolote. Nilimweleza ni mafuta gani. Akasema amewahi kuona chai, soda na mkojo wa panya, lakini hiyo ni mpya. Baada ya muda mrefu alinitumia kwenye simu kipande kimoja. Vilivyobaki vilikuwa kelele tupu.

Sikukisikiliza ofisini. Mama wa Maombi magoti yalikuwa yamemsumbua, alikuwa amepumzishwa nyumbani, na nikaamua kwamba nitakwenda Ziwa, tusikilize pamoja, kisha nimwambie. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Mama, mafuta yanaharibu utepe. Mama, hukujua. Mama, lakini ni wewe. Nilikuwa nataka mtu mmoja tu hapa duniani ajue nilichopoteza na namna nilivyokipoteza, na aliyestahili kujua alikuwa yeye. Kumwonea haya kumenichosha. Shukrani pia huchosha, ingawa watu hawasemi.

Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, miguu juani, akipukuchua mahindi kwenye beseni. Aliita wajukuu waniletee chai. Niliweka simu kwenye mapaja yake, nikabonyeza.

"Bwana asifiwe, wasikilizaji," ilisema sauti yake ya zamani, nyembamba kuliko ya sasa. "Leo tena niko na ule rafiki yangu wa Yamumbi, mwenye kuponda vyakula. Karibu, mama. Leo umetuletea nini?"

Kisha, karibu sana na maikrofoni, mama yangu akakohoa. Hm-hm.

Kisha hakuna kitu. Hata kelele hakuna. Alikuwa amebisha hodi, na mlango haukufunguliwa.

Mama wa Maombi alicheka kwa sauti, mikono miwili kinywani, na machozi yakamtiririka. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Alimjibu yule mwenzake kwa lugha ya kwao kana kwamba amekaa hapo kando. Nami nikafungua kinywa. Nilikuwa nayo yote tayari, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho.

"Umeona?" alisema kabla yangu, akinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Mashine ilikufa. Hizo tepu zingine zote zikakufa. Lakini hii ikabaki na yeye. Unajua ni kwa nini?"

Aliipapasa simu kwa kidole gumba.

"Hii ndiyo nilipaka mpaka ndani."

Nyuma ya kiti chake kulikuwa na ghala. Wamebadilisha mabati, lakini fremu ya mlango ni ileile, na kwa urefu wa mkono wake bado kuna doa jeusi ambalo mvua ya miaka yote hiyo haijalitoa. Nililitazama doa hilo muda mrefu. Chai ililetwa, ikawekwa karibu nami.

"Sema amina, lakwet," alisema.

Nikasema amina. Akataka arudishiwe tena, nikabonyeza, na mama yangu akakohoa.